Cherehani Ipi Yafaa kwa Kushona Mifarishi?

Chini ya meza ya fundi wa nguo, barazani mwa maduka ya Migori au Homa Bay, Rongo au Oyugis, pana kitu ambacho wapita njia hawakitazami: rundo la vipande vya vitambaa. Ni vibaki vya vitenge, vya sare za shule, vya mashuka na vya suruali, vilivyokatwa kwa mkasi na kuangushwa chini. Jioni fundi huvifagia, na vingi huishia motoni. Walakini mwenye akili akivitazama vipande hivyo haoni takataka, aona mfarishi.

Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika au ya kutandika juu ya godoro. Una sehemu tatu. Ya kwanza ni uso, yaani viraka vilivyounganishwa kwa mpango hata vikafanya pambo. Ya pili ni kujazo la katikati, ambalo laweza kuwa pamba au blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri. Ya tatu ni bitana ya chini. Sehemu hizo tatu hushikwa pamoja kwa mistari ya mishono ipitayo toka juu hata chini, ili kujazo lisihame wala kujikunja ndani.

Karibu na ziwa, kama pale Mbita au Kendu Bay, joto ni jingi, na mfarishi mwembamba watosha. Lakini upandapo kuelekea Rongo, na zaidi ukifika milima ya Kisii, usiku una baridi ya kutosha kumfanya mtu athamini nguo nzito. Basi soko lipo karibu, na kitambaa kipo chini ya meza ya fundi. Kinachokosekana mara nyingi ni chombo kifaacho. Na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao.

MFANO WA MAMA MJANE

Msomaji na amfikirie mama mmoja mjane wa upande wa Rongo. Ana watoto watatu shuleni. Ameuza mtamba wake mmoja, na fedha hizo amezifunga katika leso. Kama cherehani atakayoinunua itafanya kazi, karo ya muhula ujao itatoka katika mifarishi. Isipofanya kazi, mtamba umekwenda na karo imekwenda, naye atabaki na chuma cha kuwekea maua. Hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Anakwenda sokoni pamoja na shemeji yake, ambaye ni karani na amezoea mambo ya mjini. Wanaonyeshwa cherehani tatu. Moja ni ndogo, nyeupe, ya umeme, yenye alama nyingi za mishono usoni pake. Ya pili ni kubwa, ya kiwandani, iliyofungwa juu ya meza yake yenye injini chini. Ya tatu ni nyeusi, ya kukanyagwa kwa miguu, na rangi yake imeanza kuchubuka.

“Shemeji,” asema yule karani, “chukua hii nyeupe. Ina mishono ishirini.”

“Shemeji,” ajibu mama, “nami nataka mshono mmoja tu, ila uwe ule usiokatika.”

Jawabu hilo lina hekima kuliko matangazo mengi. Mfarishi wa viraka huunganishwa kwa mshono ulionyoka, na mistari yake ya kushika hushonwa kwa mshono ulionyoka. Mishono ya mapambo ni kama sahani za kabatini: yapendeza kuwa nayo, lakini si chakula. Basi mnunuzi asihesabu mishono. Na atazame mambo mengine ambayo yatafuata hapa chini.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Yafaa kwanza kujua jinsi cherehani ilivyopatikana, maana anayeijua asili ya chombo hadanganywi upesi. Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya cherehani yake mwaka 1830. Mafundi wa Paris waliogopa kwamba chombo hicho kitawanyang'anya riziki, wakaivamia karakana yake na kuvunja mashine zilizokuwamo. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alipewa hati kwa cherehani ya nyuzi mbili, mmoja ukitoka juu na mwingine chini. Mwaka 1851 Isaac Singer akapata hati yake, na jina lake likaenea duniani hata leo wengine hudhani kwamba ndilo jina la chombo chenyewe. Kampuni yake ilianza mwaka 1856 kuuza cherehani kwa malipo ya polepole, mwezi kwa mwezi, ili hata mtu asiye na fedha nyingi aweze kuwa nayo. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda kikubwa sana huko Clydebank, Uskochi, kilichofungwa mwaka 1980. Cherehani nyeusi za chuma zilizotengenezwa huko zimeishi kuliko kiwanda chenyewe. Baadaye viwanda vya China na kwingineko vilitengeneza nyingine kwa kufuata umbo lile lile, nazo ndizo zionekanazo kwa wingi barazani mwa maduka yetu.

Jambo la maana katika historia hiyo ni lile la nyuzi mbili. Uzi wa juu hushuka na sindano. Uzi wa chini hutoka katika bobini. Nazo hukutana na kufungana katikati ya kitambaa. Nguo ikiwa nyembamba, kufungana huko ni rahisi. Nguo ikiwa na tabaka tatu, pamoja na pamba ndani, cherehani dhaifu hushindwa: mara uzi wa chini huvutwa ukaonekana juu, mara mshono hurukwa, mara sindano huvunjika.

SHIDA KUBWA YA MFARISHI

Chini ya sindano pana meno madogo ya chuma. Meno hayo huinuka, hushika kitambaa, hukisogeza nyuma, kisha hushuka. Juu ya kitambaa pana mguu wa chuma unaokikandamiza. Sasa tabaka la chini husogezwa na meno, lakini tabaka la juu halina meno ya kulisogeza; hukokotwa tu na lile la chini, huku mguu ukilizuia. Matokeo ni kwamba bitana hutangulia, na uso hubaki nyuma. Mshonaji akifika mwisho wa mstari, aona makunyanzi upande mmoja na kitambaa kilichozidi upande wa pili. Mara nyingi hujilaumu mwenyewe, kumbe kosa si lake. Ni tabia ya chombo.

Dawa zake ni tatu. Ya kwanza ni mguu wa namna ya pekee, uitwao mguu wa kutembea, ambao una meno yake wenyewe upande wa chini, ukasogeza tabaka la juu sawasawa na meno ya chini yanavyosogeza bitana. Mguu huo una mkono mdogo unaokaa juu ya skrubu ya sindano, na skrubu hiyo inapopanda na kushuka ndipo mguu hutembea. Si kila cherehani yaweza kuupokea. Kwa hiyo mtu asinunue cherehani leo na mguu kesho. Avijaribu pamoja dukani.

Dawa ya pili ni kulegeza skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu, ili mguu usikandamize sana. Cherehani isiyo na njia ya kulegeza hapo ni dhaifu kwa kazi hii. Dawa ya tatu haina gharama ila uvumilivu: ni kupiga bandi. Tabaka tatu hutandazwa mahali palipo sawa, hunyoshwa, kisha hushikwa kwa mishono mirefu ya mkono au kwa pini, kila nafasi ya kiganja kimoja. Bandi hutolewa baada ya kushona. Avivu hii huilipa baadaye kwa kufumua.

AINA ZILIZOKO SOKONI

Cherehani ndogo ya umeme ya nyumbani ni nyepesi, na yaweza kubebwa kwa mkono mmoja. Hushona zigizagi, jambo lifaalo kwa nguo nyingine za kushonwa. Umeme wake ni kidogo: mashine ya wati 100 ikifanya kazi kwa muda wa saa tano hula nusu ya yuniti tu. Lakini nyingi kati ya hizi zina sehemu za plastiki ndani, na zikifanyishwa kazi nzito kila siku huchoka mapema. Tena umeme ukikatika, kazi husimama. Kwa mtu mwenye mshahara, anayeshona jioni kwa ajili ya nyumba yake, cherehani hii yaweza kufaa. Kwa mtu anayetaka ilishe watoto watatu, na afikiri mara mbili.

Cherehani ya kiwandani ina nguvu nyingi. Baadhi hushona mishono zaidi ya 5,000 kwa dakika moja, na nafasi kati ya sindano na shina la mkono hufika karibu sentimita 26, hata mfarishi mkubwa hupita bila kubanwa. Lakini mwendo huo mkali si neema kwa mwanafunzi, maana kosa la mara moja huwa kosa la nusu mita. Kadhalika yapasa kutazama injini. Injini za namna ya zamani huzunguka wakati wote tangu kuwashwa, hata mshonaji anapokata uzi au kuongea na mteja. Injini za namna mpya huzunguka pale tu anapokanyaga, na mwendo wake waweza kupunguzwa. Anunuaye aina hii na achague injini ya namna mpya, na awe na nyumba yenye umeme wa kutegemewa na sakafu iliyo sawa, kwani chombo hiki hakihamishwi kwa urahisi.

Cherehani nyeusi ya miguu haina haraka wala haidai tokeni za umeme. Mwili wake ni chuma cha kutupwa, na uzito wake huifanya itulie. Miguu ya mshonaji ndiyo injini, nayo hutii upesi: akitaka mshono mmoja, hupata mmoja. Mikono yake yote miwili hubaki huru kuongoza nguo. Mikanda yake ni ya ngozi, na ikilegea hukatwa kidogo na kufungwa tena. Mafundi waijuao ni wengi, na vipuri vyake hupatikana katika masoko ya kawaida. Upungufu wake ni kwamba nafasi ya mkono ni ndogo, na nyingi hazishoni zigizagi.

Cherehani ya kuzungushwa kwa mkono haifai sana. Mkono mmoja ukizungusha gurudumu, ni mmoja tu unaobaki kuongoza, na mfarishi mzito huhitaji miwili. Na zile za kale sana, zenye bobini nyembamba ndefu ndani ya kifuko chenye umbo la mtumbwi, yafaa kuziepuka, ijapokuwa ni nzuri kutazama. Bobini zake ni adimu. Moja ikipotea, kazi imekwisha.

MKONO WA CHEREHANI NA UPANA WA MFARISHI

Wengi huuliza, “Mfarishi wa sentimita 150 utapitaje chini ya mkono wa cherehani wenye nafasi ya sentimita 16 au 18?” Jawabu ni kwamba mshonaji huanza katikati. Mstari wa kwanza hushonwa katikati kabisa ya mfarishi, na nusu moja tu, yaani sentimita 75, ndiyo hukunjwa kama mkeka na kupita chini ya mkono. Nusu nyingine hubaki upande wa kushoto, nje. Kila mstari unaofuata husogea kuelekea ukingoni, na mkunjo hupungua. Nusu hiyo ikiisha, mfarishi hugeuzwa, na kazi huanza tena toka katikati.

Njia hii yafaa kwa mfarishi wa unene wa wastani. Kama kujazo ni nene mno, hapana budi kushona mfarishi vipande vipande, kila kipande kikiwa na tabaka zake tatu, kisha kuviunganisha. Kwa njia hii hata cherehani ndogo hutoa mfarishi wa kitanda kikubwa.

Jambo jingine lisahauliwalo ni meza. Mfarishi una uzito, na ukiachwa uning'inie, uzito huo huvuta kitambaa nyuma dhidi ya meno, mishono ikawa mifupi, na sindano ikapinda. Seremala na atengeneze ubao wa kuongeza meza upande wa kushoto na wa nyuma, ulio sawasawa na kitako cha cherehani. Gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana siku ile ile.

USAWA WA MSHONO

Katika kuunganisha viraka, desturi ni kuacha robo inchi, yaani milimita 6, kati ya mshono na ukingo wa kitambaa. Huenda mtu akasema kwamba milimita moja si kitu. Na apige hesabu. Mfarishi wenye viraka 15 vya sentimita 10 kwa upana una mishono 14. Mshonaji akipoteza milimita moja kila upande wa mshono, hupoteza milimita 2 kwa kila mshono, na milimita 28 kwa safu nzima. Safu hiyo haitalingana na ile iliyoshonwa vyema, na mfarishi utapinda kama ukuta uliojengwa na mlevi.

Katika nchi ya Migori yenyewe pana mwalimu wa jambo hili. Ni Thimlich Ohinga, zile boma za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji, ambazo mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zimesimama kwa karne nyingi kwa sababu kila jiwe lilichaguliwa likae sawa na jirani yake. Mfarishi nao ni hivyo hivyo. Uzuri wa rangi huja nyuma ya usawa wa viungo.

Kwa hiyo mnunuzi na atazame kama cherehani hushona mstari ulionyoka bila kuongozwa sana. Nguzo ya sindano ikitikisika kwa kuguswa na kidole, mstari hautanyoka kamwe. Aweza kubandika kipande cha utepe juu ya bamba la cherehani, milimita 6 toka sindano, kiwe kama mpaka wa shamba wa kuongozea kitambaa.

JARIBIO LA KABLA YA KULIPA

Mzee mmoja fundi, aliyekuwa ameketi karibu, alimwona yule mama akigusa cherehani kwa kidole kama mtu agusaye chungu cha moto. Akamwambia, “Mama, usiitazame kama mchumba. Ipe kazi.”

“Mzee, nitaipa kazi gani hapa dukani?” auliza mama.

“Umekuja na kitambaa chako?”

Mama akafungua kikapu. Alikuwa na vitenge viwili na kipande cha blanketi kuukuu. Yule mzee akacheka kwa furaha, kwa maana huyo alikuwa mnunuzi.

Jaribio lenyewe lina hatua hizi. Kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, bila uzi. Lisikike laini kama jiwe la kusagia lililozoeleka. Likigota mahali pamoja kila mzunguko, pana kasoro. Pili, tia uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine chini, ili uone vizuri ni upi unaovutwa. Tatu, weka kitenge, blanketi na kitenge, inua mguu, na uone kama tabaka zote zaingia bila kulazimishwa. Nne, shona mstari wa urefu wa mkono kwa mishono ya milimita 3 hadi 4. Tano, geuza utazame chini. Kama rangi ya juu yaonekana chini kwa wingi, au ya chini yaonekana juu, mwombe muuzaji arekebishe mkazo wa uzi mbele yako. Akiweza, vema. Asipoweza, au asipotaka, mshukuru uende zako. Sita, shona polepole kupita penye makutano ya viraka vinne, maana hapo kitambaa huwa kinene zaidi, na hapo ndipo cherehani dhaifu hukwama. Saba, uliza bobini na sindano zake huuzwa wapi, nawe ukazione kwa macho yako kabla ya kulipa.

Kuuliza si ujinga. Muuzaji mwema hachukizwi na jaribio. Achukizwaye ana sababu.

ONYO JUU YA UMEME WA KIGENI

Cherehani zilizotumika hufika kwetu kutoka nchi za mbali, nyingine kama zawadi za ndugu na marafiki. Ni jambo jema, ila lina hatari. Umeme wa nyumba za Kenya ni volti 240. Umeme wa Marekani ni karibu volti 120, na wa Japani ni volti 100. Cherehani iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo ikichomekwa ukutani hapa, injini yake huungua mara moja, na zawadi hugeuka moshi. Karibu na injini pana kibandiko kinachotaja volti. Kisomwe kwanza. Kama chaonyesha 110 au 120, itafutwe transfoma ya kupunguza umeme yenye nguvu ya kutosha, au fundi abadili injini.

SINDANO NA UZI

Cherehani nzuri yenye sindano mbaya ni ng'ombe mzuri asiye na chuchu. Kwa kuunganisha viraka vya kitenge, sindano namba 14 yatosha. Kwa kupita tabaka zote tatu, namba 16; na kama pana suruali nzito au blanketi nene, namba 18. Sindano ya cherehani ya nyumbani ina upande mmoja bapa juu. Ile ya kiwandani ni mviringo kote. Zisichanganywe. Sindano ibadilishwe baada ya kushona kwa muda wa saa nane hivi, hata kama haijavunjika, kwa kuwa ncha butu hutoboa kwa nguvu na kurukisha mishono.

Uzi ujaribiwe kwa kuvutwa kati ya mikono miwili. Ukikatika kwa mvuto mdogo, hautashika mfarishi. Vitambaa vifuliwe kabla ya kukatwa, visije vikanywea na kuchujisha rangi baada ya kuuzwa. Mafuta ya cherehani yatiwe tone moja moja katika matundu yake, na vumbi la pamba lifagiliwe chini ya meno kila jioni, kwa sababu mfarishi humwaga vumbi kuliko gauni.

ASIYE NA CHEREHANI ASIKATE TAMAA

Isidhaniwe kwamba bila cherehani hapana mfarishi. Huko Karnataka, nchini India, wako Wasiddi, ambao wazee wao walitoka Afrika na kupelekwa ng'ambo ya bahari. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi, kwa mkono, wakianza ukingoni na kuzunguka hata katikati, na pembeni huweka viraka vidogo viitwavyo maua. Na katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wajukuu wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi za shambani. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu hiyo walianzisha ushirika wa kuuza mifarishi. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York. Na mwaka 2006 picha zake zikatiwa katika stempu za posta za Marekani. Vitu vilivyoshonwa kwa ajili ya baridi ya usiku vikawa fahari ya taifa.

Kutoka kwao twaweza kupata njia ya kati: viraka viunganishwe kwa cherehani, ambapo nguvu na usawa wahitajika, na mistari ya kushika tabaka tatu ishonwe kwa mkono, na wanawake wanne au watano wakiketi kuzunguka fremu ya mbao. Njia hii yafaa sana kwa vyama vya akina mama. Cherehani moja yaweza kuwalisha mikono mingi, na fedha za chama zisizotosha kununua tatu hafifu hutosha kununua moja iliyo imara. Ila yapasa kuandika daftari: nani ameshona, saa ngapi, na nani ana zamu ya kununua mafuta. Mali bila daftari huisha bila habari.

MAMA ALICHAGUA NINI?

Yule mama wa mfano wetu alizijaribu zote tatu. Ile nyeupe ilishona vizuri kitenge kwa kitenge, lakini ilipofika penye blanketi ilinguruma na kurukisha mishono. Ile ya kiwandani ilipita kana kwamba blanketi ni karatasi. Walakini nyumbani kwake umeme hukatika mara kwa mara, na bei yake ilihitaji mtamba wa pili. Ile nyeusi ilishona polepole, mishono yake ikawa sawa juu na chini. Mguu wa kutembea ulijaribiwa ukakubali. Nguzo ya sindano haikutikisika.

Shemeji alinung'unika kidogo. “Shemeji, hii ni ya zamani.”

“Kweli, shemeji,” akajibu mama, “lakini fundi wake yupo, sindano zake zipo, na miguu yangu haikatiki kama umeme.”

Alilipa, akabakiza fedha za ubao wa seremala, za uzi na za sindano kumi. Hilo nalo lilikuwa jambo la busara, kwa maana wengi hutoa senti yao ya mwisho kwa ajili ya chombo, wakakosa cha kuanzia kazi.

Wahenga walisema, “Mchagua nazi hupata koroma.” Ni kweli kwa yule achaguaye kwa kutamani, akitupa hii na kuokota ile bila kujua anachotafuta. Lakini achaguaye kwa kujaribu, mwenye kitambaa chake mkononi na hesabu yake kichwani, hapati koroma. Na arudi barazani kwa fundi kabla jioni haijafika, na kabla vipande vya leo havijafagiliwa motoni, amwombe kwa adabu avichukue. Huo ndio mwanzo wa kazi.